Je, niuze vitabu vyangu nipate toleo asilia la Spider-Man?

*"Nimesoma katuni za Spider-Man za miaka ya 1960 kwa muda mrefu, lakini zote nilizo nazo ni zile zilizokusanywa kwenye vitabu vinene vya jalada gumu. Rafiki yangu, mkusanyaji wa siku nyingi, ananiambia kwamba huo si mkusanyo bali ni vitabu vya kusomea tu, kwamba rangi zake ni za uongo, na kwamba havitakuwa na thamani kamwe. Sasa kuna mtu anataka kuniuzia toleo la 1 la The Amazing Spider-Man la mwaka 1963. Jalada ni safi, karatasi za ndani zimegeuka manjano. Linalonitatiza ni kwamba jaladani hakuna bei. Muuzaji anasema ni nakala iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Marekani, na anataka jibu haraka. Nikiuza vitabu vyangu vyote na kuongeza akiba yangu, fedha zinatosha. Nifanye hivyo? Na nikilipata, karatasi ya zamani kiasi hicho itadumu?"*

Ndugu msomaji, kwanza usilipe chochote. Naanza na hilo jalada lisilo na bei kwa sababu ndilo lenye haraka. Mambo ya rafiki yako yanaweza kusubiri aya chache.

Mwaka 1966 kampuni ya Golden Records ilitoa seti za watoto zenye sahani ya santuri pamoja na jarida la katuni. Mtoto aliweka sahani, akasikiliza hadithi ikiigizwa, huku akifuatilia picha. Toleo la 1 la The Amazing Spider-Man lilikuwa miongoni mwa majarida yaliyochapwa upya kwa ajili ya seti hizo, na alama yake inayojulikana zaidi ni hiyo uliyoiona wewe mwenyewe: jaladani hakuna bei. Hakukuwa na udanganyifu wowote wakati ule, kwa kuwa jarida lilikuwa sehemu ya seti na seti ndiyo iliyokuwa na bei. Lakini miaka imepita, sahani zimepotea, na majarida yamebaki peke yake. Karatasi yake nayo ni kuukuu, imegeuka manjano kweli, ina harufu ya uzee. Ndiyo maana anayeitazama kwa macho ya haraka hukubali kwamba ni ya 1963.

Maelezo ya muuzaji kuhusu nakala za nje hayasimami. Nakala za Marvel, kampuni inayochapisha Spider-Man, zilizokwenda Uingereza wakati huo zilichapwa Marekani kwenye mitambo ileile, zikabadilishwa bei tu. Toleo la Marekani lina senti 12, na la Uingereza lina peni 9. Kwa hiyo nakala ya nje ina bei, ila ni ya sarafu nyingine. Sisemi muuzaji ni mwongo, maana huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Nasema maelezo yake hayaendani na namna majarida hayo yalivyochapwa, na mwenye mali halali hapotezi kitu akikupa muda. Mwombe picha nne: jalada la mbele likiwa na rula kando yake, jalada la nyuma, maandishi madogo ya uchapishaji, na kurasa za katikati pale pini zinapoonekana. Ikiwa ni ya santuri, bado ni kitu kizuri na wako watu wanaozikusanya, ila bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya toleo la 1963.

Rula nimeitaja kwa makusudi. Mwaka 1974 kampuni ya DC ilichapa upya jarida la Action Comics la 1, lile la Juni 1938 lililomleta Superman, katika mfululizo ulioitwa Famous First Edition. Walitumia umbo kubwa, kama sentimita 25 kwa 34, na kulizungushia jalada la nje la karatasi nene. Wasio waaminifu walilibandua jalada hilo la nje, na lililobaki likawa na uso wa toleo la 1938 pamoja na ile bei ya senti 10. Wengi wameliwa fedha kwa namna hiyo, na rula ingewaokoa, kwa sababu toleo la kweli lina upana wa takriban sentimita 20 na urefu wa takriban 27. Siku hizi Marvel na DC huchapa pia nakala za kuiga toleo zima, hadi matangazo ya biashara yaliyokuwemo. Hizo zinauzwa waziwazi kama marudio, na karatasi zake mpya na maandishi madogo ya ndani huzitambulisha.

Sasa rafiki yako. Amekuambia mambo matatu, na kila moja lina kiasi chake cha ukweli.

Kuhusu rangi, amekaribia. Lakini wengi wanaosema rangi za chapa mpya ni za uongo huamini kwamba jarida la zamani ndilo kazi yenyewe ya msanii, na hapo ndipo wanapokosea. Jarida la 1963 nalo ni nakala. Steve Ditko, mchoraji wa Spider-Man wa wakati huo, alichora kwa penseli na wino mweusi kwenye karatasi ngumu kubwa, karibu mara mbili ya ukubwa unaouona jaridani, bila rangi yoyote. Kurasa 24 za namna hiyo, za toleo zima la 15 la jarida la Amazing Fantasy la mwaka 1962 lililomtambulisha Spider-Man, zilitolewa mwaka 2008 kwa Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu ambaye hakutaka kutajwa. Ukitafuta kitu kilichoguswa na mkono wa Ditko, ni zile. Majarida yote yaliyouzwa mitaani yalitoka mashineni.

Rangi ziliingia baadaye. Mtu alipaka rangi za maji juu ya picha iliyopunguzwa ya ukurasa, kisha akaandika alama kando ya kila sehemu kuwaelekeza watengenezaji wa sahani za kuchapia. Kulikuwa na wino tatu za rangi pamoja na nyeusi, na kila rangi ilipatikana kwa viwango vitatu tu: robo, nusu, au kamili. Ukijumlisha na hali ya kutoiweka kabisa, unapata michanganyiko 64, basi. Ngozi ya Peter Parker, kijana aliye Spider-Man, kwa mfano, iliandikwa Y2R2, maana yake robo ya manjano na robo ya nyekundu. Chukua lenzi ya kukuzia uitazame: hakuna rangi ya ngozi pale. Kuna nukta za manjano na nukta za nyekundu zilizopangwa juu ya karatasi, na jicho lako ndilo linalozichanganya. Mara nyingi sahani hazikukaa sawasawa, hivyo nyekundu ya barakoa inavuka mstari mweusi na kuingia angani. Karatasi nayo ilikuwa ya gazeti, rangi ya kijivu tangu siku ya kwanza, na ilinyonya wino. Waliopanga rangi walilijua hilo. Walichagua rangi kali wakifahamu kwamba karatasi ingezituliza.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini vitabu vingi vya marudio humsumbua anayejua. Marvel ilipoanza mfululizo wa Marvel Masterworks mwaka 1987, ilitumia karatasi nyeupe inayong'aa. Ukichukua maelekezo yaleyale ya rangi ukayachapa kwenye karatasi isiyonyonya, nyekundu inapiga kelele na manjano inaumiza macho. Kila namba imefuatwa, na bado matokeo si yale yaliyokusudiwa. Chapa za miaka ya karibuni zinazotumia karatasi isiyong'aa zimepunguza sana tatizo hili. Kama vitabu vyako ni vya karatasi hiyo, unachokiona kiko karibu zaidi na nia ya watengenezaji kuliko rafiki yako anavyofikiri, pengine hata kuliko jarida la 1963 ambalo karatasi yake imegeuka kahawia na kuondoka na bluu zote.

Mistari myeusi nayo ina historia yake. Pale ambapo mchapishaji alihifadhi filamu au picha za kurasa, chapa mpya hutoka safi. Palipokosekana filamu, ilibidi kutumia majarida yenyewe. Njia moja iliyotumika sana kabla ya kompyuta ilikuwa kuloweka kurasa za jarida kwenye kemikali zilizofuta rangi na kuacha wino mweusi, kisha kupiga picha. Jarida halikunusurika. Maana yake baadhi ya vitabu tulivyo navyo vya hadithi za miaka ya 1940 vimelipiwa kwa matoleo asilia yaliyoharibiwa makusudi, na mimi huona tunawajibika kuvitunza kwa ajili hiyo. Ilipoonekana njia hiyo haifai, kurasa zilichorwa upya kwa kufuatisha mistari ya zamani. Hapo unakuwa humsomi tena mchoraji uliyemlipia. Mstari uliofuatishwa hauna pumzi: unene wake ni uleule mwanzo hadi mwisho, nyuso zinakakamaa, vidole vinakuwa vinene.

Mfano ninaoutumia mara kwa mara ni Hulk. Katika toleo lake la 1, Mei 1962, alikuwa wa kijivu. Mashine haikuweza kuitoa kijivu hiyo kwa namna moja, hivyo kutoka ukurasa hadi ukurasa anabadilika, mara mweusi kidogo, mara karibu na kijani. Kuanzia toleo la 2 akafanywa kijani. Hadithi hiyo ya kwanza ilipochapwa upya, kwa miaka mingi alipakwa kijani tangu mwanzo, kana kwamba kijivu haikuwahi kuwepo. Aliyeisoma kwenye marudio hayo hakuwa na namna ya kujua. Hapa toleo asilia ni ushahidi usio na mbadala, na chapa nzuri ni ile iliyokubali kuuheshimu.

Kuna pia vitu vinavyoachwa kimyakimya. Matangazo huondolewa, na hilo wengi hawalijali, ingawa mimi nalijali, kwa kuwa matangazo ya vitu vya kuchezea na kozi za kujenga misuli yanakuonyesha jarida lilikuwa likizungumza na nani. Kinachouma zaidi ni kurasa za barua. Katika majarida ya Marvel ya miaka ya 1960 wasomaji walibishana na wahariri, wakakosoa, wakajibiwa, na baadhi yao baadaye wakawa waandishi wa majarida hayohayo. Vitabu vingine vya marudio huzirudisha, vingine havina hata moja, hivyo fungua ya kwako uone. Ukikutana na majarida ya marudio ya miaka ya 1970, kama Marvel Tales, kuwa makini zaidi. Idadi ya kurasa za hadithi kwa kila toleo ilikuwa imepungua, na hadithi za zamani zilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo kurasa au picha zilikatwa ili zitoshe. Unasoma pambano, na ghafla mtu aliyekuwa juu ya paa yuko chini barabarani. Msanii hakukosea. Kuna ukurasa umeondolewa.

Na katika vitabu vinene kama vyako, tazama pale kurasa mbili zinapounda picha moja. Ikiwa kitabu kimeunganishwa kwa gundi tu, katikati ya picha humezwa na mgongo wa kitabu. Kilichoshonwa kwa uzi hulala wazi zaidi. Mimi sinunui kitabu kinene kabla ya kukifungua katikati.

Lakini rafiki yako asikufanye uamini kwamba marudio daima ni ya chini. Mara nyingine yanalishinda jarida lenyewe. William Gaines, mchapishaji wa EC Comics, alihifadhi michoro halisi ya majarida yake, jambo ambalo wachapishaji wengi hawakulifanya. Kwa hiyo mchapishaji Russ Cochran alipoanza kuzikusanya hadithi hizo vitabuni mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa nyeusi na nyeupe na kwa umbo kubwa, wasomaji waliona mistari ambayo karatasi ya gazeti ilikuwa imeimeza tangu miaka ya 1950. Tangu mwaka 2010 kampuni ya IDW nayo imetoa vitabu vya Artist's Edition, ambamo michoro halisi huskaniwa kwa rangi na kuchapwa kwa ukubwa wake. Unaona penseli iliyobaki, wino mweupe uliofunika makosa, maelekezo pembezoni. Hakuna jarida lolote la zamani, hata liwe safi namna gani, linaloweza kukuonyesha hayo.

Kinyume chake pia kipo. Hadithi nyingine zilikaa miaka bila kuchapwa upya kwa sababu ya haki za umiliki. Rom ya Marvel, iliyotoka 1979 hadi 1986, ilitokana na mwanasesere wa kampuni nyingine, na mkataba ulipokwisha majarida ya zamani yakawa ndiyo njia pekee ya kuisoma hadi chapa mpya ilipopatikana miaka mingi baadaye. Kabla ya kugharamika, uliza kama hadithi unayoitaka inapatikana katika marudio na kama iko karibu kuchapwa.

Hilo linatuleta kwenye thamani, jambo la tatu la rafiki yako. Ni kweli kwamba vitabu vya marudio kwa kawaida havipandi bei. Kitabu kilichokwisha sokoni huweza kupanda kwa muda, kisha mchapishaji akitangaza chapa nyingine kinaporomoka. Lakini na matoleo asilia nayo hayapandi kwa sababu tu ya uzee. Majarida ya miaka ya 1940 ni adimu kwa kuwa yalisomwa na watoto na kutupwa, na mengi yalikusanywa wakati wa vita ili karatasi itumike tena. Kufikia miaka ya 1990 watu walikuwa wananunua nakala kadhaa na kuzifungia. X-Men la 1 la mwaka 1991 liliuzwa zaidi ya nakala milioni 8, na nyingi bado ni safi kabisa. Halitakuwa adimu.

Kwa matoleo ya 1963, bei hufuata hali ya nakala kwa ukali ambao mgeni haufikirii. Daraja huanzia 0.5 hadi 10, na nakala mbili za toleo moja zinaweza kupishana bei mara nyingi kwa sababu ya mikunjo midogo kwenye mgongo. Mimi naiona hali hiyo kama nafasi kwa mtu wa aina yako. Nakala yenye kona iliyochanika na jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu jaladani ina wino uleule, karatasi ileile, barua zilezile. Kama unataka kushika kilichoshikwa mwaka ule, nakala ya daraja la chini inakupa yote hayo. Iliyofungiwa ndani ya plastiki ngumu ya mkadiriaji, yaani anayekagua nakala na kuipa daraja, ina daraja lake limeandikwa juu, ila huwezi kuifungua ukasoma bila kuvunja plastiki hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiuze vitabu vyako. Ndivyo vinavyokupa hadithi zote kwa mpangilio, na ndivyo utakavyovisoma usiku bila hofu. Chagua ndani yake toleo moja au mawili ambayo yana maana kwako, si lazima liwe la 1. Toleo la 20 au la 40 la mfululizo huohuo hugharimu sehemu ndogo ya lile la kwanza, na lina ladha ileile ya karatasi na barua. Tafuta nakala ya hali ya chini iliyo kamili, hakikisha kurasa zote zipo hadi zile za katikati, na ilipie kwa fedha ambazo kukosekana kwake hakutakuumiza. Kutumia akiba yote kwa jarida moja, hata likiwa la kweli, sikushauri. Na kama nakala inakaribia bei uliyotajiwa, ipelekwe kwanza kwa mkadiriaji wa kitaalamu. Kampuni ya CGC inafanya kazi hiyo tangu mwaka 2000, na miongoni mwa inayotafuta ni urekebishaji uliofichwa: jalada lililopakwa rangi mahali lilipopauka, kingo zilizokatwa ili zionekane mpya, karatasi iliyooshwa. Mambo hayo hayaonekani kwenye picha ya simu, hata kwangu.

Swali lako la mwisho, je, itadumu? Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika, hutoa rangi ya kahawia na asidi, na asidi hukata nyuzi za selulosi vipande vifupivifupi. Ndiyo sababu karatasi hugeuka manjano kwanza kwenye kingo, kisha hukauka, kisha huvunjika ukiikunja. Joto na unyevu huharakisha yote. Huwezi kulisimamisha jambo hili, lakini unaweza kulichelewesha sana. Weka jarida gizani, mahali pa baridi kiasi, unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 35 na 50. Tumia mfuko wa polyesta safi, pamoja na kadi isiyo na asidi nyuma yake iliyotiwa kalsiamu kabonati ili inyonye asidi inayotoka. Mifuko ya PVC iepuke kabisa, kwa sababu hutoa kemikali na kunata kwenye wino. Majarida yasimame wima kwenye sanduku, yakiwa yamejaa kiasi cha kutopinda. Nakala nyingi za miaka ya 1960 zimefika kwetu zikiwa bado laini na zinafunguka vizuri, kwa sababu tu ziliachwa gizani zikatulia.

Usibandike selotepu mahali popote, hata mchaniko uwe mdogo vipi. Gundi yake hupenya, hugeuka kahawia, na kuitoa ni kazi ngumu kuliko mchaniko wenyewe. Pini ikiwa na kutu, usiing'oe mwenyewe. Na kama siku moja utapokea jarida lenye ukungu, au linalovunjika unapoligeuza, lisogeze mbali na mengine likiwa ndani ya mfuko wake, kisha mtafute mhifadhi wa karatasi. Maktaba kubwa na nyumba za nyaraka huwa na mtu wa kazi hiyo au humjua aliye karibu. Mpelekee likiwa hivyohivyo, bila kulifuta wala kulianika juani.